Siku Niliyokwenda Kuigiza Mlevi Nikalazwa Kweli

Mpaka leo kuna mzee mmoja wa kanisa letu hapa Migori ambaye akinisalimia Sabato asubuhi ananishika mkono muda mrefu kuliko wengine, kisha ananiuliza kwa sauti ya chini kama bado naendelea kushinda majaribu, na mimi humjibu kwamba naendelea kushinda, kwa sababu nimechoka kueleza. Aibu yenyewe ni kubwa, sitaificha. Mimi, mama wa watu, fundi wa kushona, mwalimu wa kwaya ya akina mama, Msabato wa kuzaliwa ambaye hata chai ya majani nilianza kuinywa ukubwani tena kwa kujificha, nilionekana Homa Bay mchana kweupe nikinuka pombe ya chang'aa kama pipa, nimelala sakafuni mbele ya wakwe zangu, uji umenimwagikia kifuani. Sasa wacha niwaeleze vile ilivyotokea, maana mkiisikia kwa wengine mtaisikia vibaya.

Ilianza na simu ya Lilian. Lilian ni binti ya kaka yangu, na kwetu Wajaluo shangazi wa upande wa baba si mtu mdogo, ananiita Waya na mimi sijawahi kumnyima kitu. Anafundisha vijana wanaosomea utabibu, na siku hizo alikuwa akiwapeleka mafunzoni katika hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Homa Bay (jina la hospitali nabaki nalo, kwa sababu mwisho wa yote walinitendea mema).

"Waya," akaniambia, "nataka unisaidie kuigiza mgonjwa."

Nikamwuliza mgonjwa wa nini, akacheka, akasema mgonjwa mlevi. Nikamkumbusha anaongea na nani. Akanieleza kwamba kuna dharau ambayo mtu anayo na hajui kama anayo. Mwanafunzi ni mzuri, anasali, anapenda watu, lakini akiletewa mgonjwa mchafu ananuka pombe, macho yake yanajifunga yenyewe, anaandika amelewa, anaenda kwa mwingine. "Nikiwaambia kwa mdomo wanaitikia tu," akasema. "Nataka wajione wenyewe."

Basi nilitakiwa kuwa mama wa kuchimba dhahabu kule Macalder, nimekunywa, nalalamika kichwa na kizunguzungu. Mtego ulikuwa kwamba huyo mama wa kuigiza alianguka shimoni akagonga kichwa, na mwanafunzi ambaye hatauliza hatajua. Sharti lilikuwa moja: wanafunzi wasijue mimi ni nani mpaka Lilian aseme tumemaliza. Nilikubali, na kusema kweli nilifurahi, kwa sababu michezo ya kanisani mimi ndiye huitunga, na kila mwaka huwa wananipa nafasi ya mama mwema. Nani hachoki kuwa mama mwema?

Kazi niliifanya kwa bidii. Nilikwenda Macalder mwenyewe, kwa mteja wangu mmoja anaitwa Akoth, mama anayeponda mawe ya dhahabu kwa nyundo kutwa nzima, na mimi ndiye humshonea watoto wake sare za shule. Nikamwomba gauni lake la kazi, nikampa jipya. Alipojua nalipeleka wapi alinitazama akasema, "Mwalimu, ukiingia hospitalini na hiyo nguo, usitegemee mtu akuite mama." Yeye hanywi pombe kabisa, akaniambia, lakini hakuna siku amekwenda kutibiwa bila kuulizwa kwanza amekunywa nini. Nilidhani anatia chumvi. Chang'aa nayo niliipata kwa jirani (jirani ana mpangaji, na huyo mpangaji ana mambo yake, tusiingie huko), nikaomba kifuniko kimoja tu cha kunyunyiza, nikapewa chupa nzima kwa upendo, na nafikiri hapo ndipo fununu zilipoanzia.

Lilian alikuwa ameniambia nguo hizo nizibebe tu, nitabadilisha huko huko, kuna chumba cha wafanyakazi. Ningemsikiza hadithi ingeishia hapa. Lakini asubuhi ile nilijitazama kwenye kioo nikajiambia mwigizaji wa kweli hatoki nyumbani akiwa mtu mwingine, nikavaa kila kitu palepale chumbani: gauni la Akoth, gambuti za mpira za marehemu mume wangu (kubwa, mguu unatangulia mbele na gambuti inabaki nyuma ikifikiria), jivu na udongo usoni, na kitambaa cha kichwa nilichokilowesha chang'aa mpaka nikaanza kupiga chafya. Gauni langu la kijani la kwaya nikalikunja vizuri nikalitia ndani ya mkoba wangu wa ngozi, pamoja na simu na kitambulisho.

Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu niamke. Kilikuwa kimeniuma majuma kadhaa, na mimi nilikuwa najiambia ni macho, ni kushona kwa taa mbaya, ni wateja wa Januari na haraka yao ya sare. Asubuhi hiyo nilifurahi hata. Nikasema vizuri, sitahitaji kuigiza sana.

Safari sitaieleza, itoshe kusema kwamba gari lilikuwa limejaa lakini pande zangu zote mbili palikuwa na nafasi, na madirisha yote yalifunguliwa ingawa nje kulikuwa na manyunyu. Niliichukua kama sifa. Nilishuka Homa Bay nikiwa nimejaa kiburi cha msanii, nikatembea kwa madaha ya kilevi mpaka geti la hospitali, na hapo kiburi kikaanza kupungua.

Soja wa getini alikuwa mtu mzima, nadhifu, sweta yake imefuliwa. "Wewe, unaenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia kwa ile sauti niliyokuwa nimejifunza kwamba nimekuja kumwona Madam Lilian.

"Hakuna Madam Lilian hapa." (Na kweli hakumjua, maana Lilian alikuwa mgeni wa siku mbili tatu na wanafunzi wake.) Halafu akautazama mkoba. Ule mkoba alininunulia binti yangu Mercy kwa mshahara wake wa kwanza, ni wa ngozi, una kufuli ndogo ya dhahabu inayong'aa. Akautazama, akanitazama gambuti, akautazama tena. "Hii umetoa wapi?"

"Ni yangu."

"Yako. Fungua." Nikaufungua. Akaona simu kubwa, akaona gauni la kijani lililopigwa pasi. Akatoa kitambulisho, akalinganisha picha ya mama aliyesukwa vizuri na huyu aliyesimama mbele yake na jivu puani. "Sasa huyu mama wa watu umemwibia wapi?"

Hapo nilipaswa kusema ukweli, lakini nilikumbuka sharti, na pia nilijiambia huyu soja huenda ni sehemu ya mchezo, Lilian amemweka anipime (msicheke, ndivyo nilivyofikiri). Nikazidisha kuyumba. Akauchukua mkoba akaufungia ndani ya kibanda chake, akasema utakaa hapo mpaka mwenyewe apatikane, na kwa kuwa nilikuwa nashika kichwa na kulalamika, na yeye si mtu mbaya, akanielekeza upande wa wagonjwa wa dharura. "Nenda wakuangalie. Polisi baadaye."

Kwa hivyo ndio hivyo, nikaingia hospitalini bila jina, bila simu, na bila nguo nyingine.

Kule ndani nilikaa kwenye benchi na benchi likahama. Sisemi uongo, watu wote waliokuwa wamekaa waliinuka mmoja mmoja kama wamekumbuka kitu, nikabaki peke yangu nikinuka. Mtoto mmoja akamwuliza mamake kwa nini yule mama analia. Sikuwa nalia, ni kile kitambaa, mvuke wake ulikuwa unaingia machoni. Nilitafuta kwa macho wanafunzi, nikatafuta Lilian, sikuona mtu hata mmoja niliyemjua. Wao walikuwa nyuma ya jengo, kwenye ukumbi, wananingoja.

Muuguzi aliyekuwa zamu aliitwa Sista Nyaboke, mama wa Kisii mwenye mwendo wa haraka, na asubuhi ile alikuwa peke yake na wagonjwa wamejaa mpaka mlangoni. Alisimama mbali nami kidogo.

"Shida yako?"

"Kichwa," nikasema. "Na kizunguzungu. Naona kama ukuta unasogea."

(Hayo maneno hayakuwa kwenye mchezo. Ukuta ulikuwa unasogea.)

"Umekunywa saa ngapi?"

"Sijakunywa, Sista."

Watu wakacheka. Hata yeye alitabasamu kwa uchovu. "Toka ulale pale nje kivulini kwanza, pombe iishe. Ikiisha na kichwa bado kinauma, rudi."

Sasa hapo nikaona mchezo umeharibika, nikaamua kusema ukweli, na nataka mnisikie vizuri, kwa sababu hili ndilo lililonifunza kuliko yote: kila nilipozidi kusema ukweli ndivyo nilivyozidi kuonekana mlevi. Nilisema mimi si mlevi, mimi ni mwigizaji. Wakacheka. Nikasema mimi ni fundi wa nguo kutoka Migori, mwalimu wa kwaya, nimeitwa hapa kufundisha madaktari. Mwanaume mmoja mwenye mkono uliofungwa bendeji akasema, "Na mimi ni gavana," na chumba kizima kikaangua kicheko. Nikaimba ubeti mmoja wa wimbo wa Sabato ili waamini. Kosa kubwa. Sauti ilitoka vizuri, hilo nitalitetea, lakini mtu akiingia mahali ananuka chang'aa halafu aanze kuimba, hata mimi ningejua la kufikiri.

Na ni katikati ya ubeti huo ndipo nilipowaona wakwe.

Mercy wangu alikuwa amechumbiwa na kijana wa Rangwe anaitwa Steve, na wazazi wake walikuwa wamekuja kwangu mara moja tu, nikawapokea kwa samaki na kuku na meza iliyotandikwa vitambaa nilivyodarizi mwenyewe. Zilikuwa zimebaki wiki chache waje rasmi kuleta ng'ombe. Baba Steve ni mzee wa maneno machache, Mama Steve ana duka la mbegu pale sokoni Rangwe. Walikuwa wamekuja kumwona ndugu yao aliyelazwa, mzee ametangulia, mama nyuma yake ameshika chupa ya uji.

Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, hilo hamhitaji kuambiwa. Hata nguo ya ndani kwenye kamba huwa tunaanua wakwe wakija. Nikajifunika uso wote kwa kile kitambaa. Hewa yote iliyokuwa ndani ya kitambaa ilikuwa chang'aa tupu. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kama ng'ombe. Nikaona heri nisimame nitoke kwa mlango wa pili kabla hawajafika, nikasimama haraka, na jengo zima likageuka.

Wakati huo nililaumu gambuti. Nilijua naanguka, na nikajiambia ni hizi gambuti, na nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, na kitu hicho kilikuwa mkono wa Mama Steve. Tukaenda chini wote wawili, chupa ikafunguka, uji ukaja kifuani kwangu (ulikuwa vuguvugu, namshukuru Mungu), kitambaa kikatoka, na pale sakafuni, uso kwa uso, karibu pua ziguse, Mama Steve akanitazama.

"Mama Mercy?" akasema.

Baba Steve alinitazama, akatazama gambuti moja iliyokuwa imeruka mpaka kwenye dirisha la dawa, akageuka akatazama ukuta, vile mwanaume wa heshima hufanya akikuta mkwewe katika hali isiyofaa. Mama Steve aliinuliwa na watu, na mzee akamwondoa haraka kuelekea wodini kwa ndugu yao. Mimi hakuna aliyeniinua. Nilijaribu mwenyewe, mkono wa kushoto ukakataa, kama si wangu.

Sasa mniruhusu niwaambie habari za getini, nilizoambiwa baadaye. Lilian alikuwa amenipigia simu mara nyingi. Simu inalia ndani ya kibanda cha soja. Soja, mtu mwaminifu, akaipokea. "Haloo. Mwenye hii simu ameibiwa," akamwambia. "Lakini usijali, mwizi tuko naye, ni mlevi mmoja." Lilian akafikiri nimevamiwa njiani. Kabla hata hajauliza simu iko wapi alikuwa ameshampigia kaka yangu, na ameshampigia Mercy Nairobi, na Mercy ameshaanza kulia ofisini. Ndipo akampigia soja tena na kuuliza wako wapi, akaambiwa geti la hospitali, lile lile alilopitia asubuhi. Akatoka mbio ukumbini, wanafunzi wote nyuma yake, kwenda kumkabili mwizi wa shangazi yake.

Lakini kabla hajafika, Sista Nyaboke alikuwa amerudi.

Huyu ndiye nataka niwaambie habari zake. Alikuwa ameshanipita. Alikuwa na mtoto mwenye degedege chumba cha pili na mama mjamzito mlangoni, na mimi nilikuwa mlevi wa kawaida aliyeanguka, wa aina anayoiona kila siku ya Mungu. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alisimama, akarudi, akapiga magoti kwenye uji, akaleta uso wake karibu na mdomo wangu. Akanusa. Akakiokota kile kitambaa, akakinusa pia, akakitupa kando.

"Hii harufu iko kwa kitambaa," akasema polepole, kama anayejisemesha mwenyewe. "Haiko kwa mdomo."

Halafu akanishika mkono, si kwa ncha za vidole, kwa kiganja chote, akaniuliza, "Mama, unaitwa nani?"

Nikamwambia jina langu. Hapo ndipo nilipolia, na si kwa sababu ya kitambaa.

Akanifunga kile kipimo cha presha mkononi. Akatazama, akakunja uso, akapima mkono wa pili. Akaita daktari kwa sauti ambayo kila mtu pale ndani aliielewa. Na ni wakati huo Lilian aliingia mbio na kundi zima la makoti meupe, akiuliza kwa ukali mwizi yuko wapi, soja nyuma yake akaninyooshea kidole, "Ndiye huyu," na Lilian akanitazama pale chini.

"Waya," akasema, akakaa sakafuni kando yangu.

Wanafunzi wawili watatu walidhani mchezo umeanza. Mmoja hata alianza kutoa maelezo yangu, mama wa makamo, ananuka pombe, mavazi machafu. Sista Nyaboke akamwambia, "Wacha hiyo. Shika huu mguu tumwinue." Na yule kijana akashika.

Presha ilikuwa imepanda kiasi kwamba daktari alisema angeshangaa kama ningefika Migori jioni hiyo nikiongea. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kulala, na ungenichukulia upande mzima. Walinipa dawa, wakanichunga, mkono ukarudi kidogo kidogo, kwanza kidole gumba, halafu vingine, na kufikia asubuhi niliweza kufunga kifungo cha gauni la hospitali mwenyewe. Fundi wa kushona anajua thamani ya kidole gumba. Nilikichezesha pale kitandani kama mtoto aliyenunuliwa kitu.

Nililazwa siku kadhaa, na katika siku hizo aibu zilinifuata moja moja kitandani, kila moja na mwenyewe. Soja alikuja na mkoba ameuvaa begani. Alikuwa amekataa kumpa Lilian mpaka mwenye sura ya kitambulisho aonekane akiwa safi, na alipohakikisha ni mimi aliniomba anisamehe, kisha akaongeza, "Lakini mama, ukubali nilichunga vizuri." Nikakubali. Hakuna hata pini ya nywele iliyopotea.

Na Lilian akaniuliza, kwa woga, kama angeweza kuwaleta wanafunzi. Nikamwambia alete, sasa ningekataa nini? Wakasimama kuzunguka kitanda changu, vijana wazuri, wengine hawajui waweke wapi macho. Lilian alikuwa amejiandaa kusema, lakini Sista Nyaboke, ambaye zamu yake ilikuwa imeisha na mkoba wake tayari uko begani, akamwomba aseme yeye.

"Huyu mama nilimwambia akalale nje," akawaambia. "Aliniambia kichwa, aliniambia kizunguzungu, aliniambia ukuta unasogea. Alinipa kila kitu ambacho mlisoma kwa vitabu. Sikusikia, kwa sababu pua yangu ilikuwa imeshamaliza kazi. Kama angenitii, angelala pale kivulini, na sisi tungempita tukidhani amelala."

Halafu msichana mmoja, mfupi, mwenye miwani, akauliza, "Sista, lakini kama kweli angekuwa amekunywa?"

"Angekuwa na presha na pombe," Sista akamjibu. "Pombe haifukuzi presha."

Nimehudhuria mahubiri mengi maishani, mengine marefu sana, na sijui kama nimewahi kusikia lililo fupi na zito kama hilo. Alikuja kunishika mkono kabla hajaondoka, akaniambia pole. Nikamwambia asiniambie pole, yeye ndiye aliyerudi. Watu wengi wangekuwa wameshakwenda zao. Ninamwombea mpaka leo kwa jina, na watoto wake ambao sijawaona.

Ilibaki aibu ya wakwe, na hiyo niliiogopa kuliko sindano. Jioni ya siku ya pili Mama Steve aliingia wodini peke yake, na chupa nyingine ya uji. Nikajifunika shuka mpaka kidevuni. Nilikuwa nimetunga maelezo marefu, ya mchezo, ya gauni la Akoth, ya chang'aa ya mpangaji wa jirani, nikaanza kuyamwaga yote kwa pamoja, na yeye akawa ananimiminia uji tu.

"Najua," akasema. "Lilian ametueleza asubuhi hii." Akanipa kikombe. "Lakini jana usiku tulikuwa hatujaelezwa."

Nikakishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Mzee hakusema kitu njia yote mpaka Rangwe. Tulipofika nyumbani akaniuliza, sasa tutafanya nini na huyu mama? Nikamwambia, kama anakunywa, basi anaumwa, na Mercy ni mtoto wetu sasa, mamake hatuwezi kumwacha. Tutatafuta mahali anaweza kusaidiwa. Mzee akasema sawa, kesho niulize inagharimu nini." Akacheka kidogo, akajifuta macho na pembe ya leso. "Alikuwa tayari kuuza ng'ombe mmoja wa wale wenu."

Uji niliunywa bila kuonja, machozi yaliingia humo. Fikirieni. Watu ambao niliwaandalia meza na vitambaa vya kudarizi ili waone mimi ni mtu wa maana, walikuwa wamenichukua nikiwa sakafuni, bila maelezo yoyote. Nilizaa binti mmoja tu na Mungu akampeleka nyumba hiyo. Ng'ombe walikuja baadaye kidogo kuliko tulivyopanga, wote, na Baba Steve aliposimama kuongea alisema amefurahi kumwona mama mwenye nyumba amesimama wima. Watu wa Rangwe walicheka sana. Watu wangu wa Migori, ambao wakati huo walikuwa bado hawajajua, walipiga makofi kwa heshima.

Sasa nameza vidonge vyangu kila asubuhi na chumvi nimeiaga. Lilian ameniomba tena kuigiza, anasema wanafunzi wa mwaka huu nao wanahitaji, na nimemwambia nitakuja, ila safari hii nitaigiza mke wa askofu na nitavalia huko huko. Kutoka nyumbani kwangu nimevaa maisha ya mtu mwingine, hilo halitatokea tena mpaka nizikwe.

Na kuna jambo limebaki kwangu, sijui niliite ugonjwa au dawa. Juzi juzi nilikuwa naelekea kufungua duka, nikamkuta mwanaume amelala kando ya barabara ya soko, watu wanamruka kama dimbwi. Nikapiga magoti hapo hapo na gauni langu safi. Nikamnusa. Alikuwa amelewa, na safari hii ilikuwa mdomoni, amelewa chakari. Nikamwuliza anaitwa nani, akafungua jicho moja akanitukania mama yangu vizuri sana, tusi refu lenye mpangilio, wala hakukosea neno hata moja. Nikamwuliza kama anaweza kuinua mikono yote miwili. Akainua ili anifukuze nayo, na yote miwili ilipanda sawasawa. Nikamshukuru Mungu, nikamvuta kwa kwapa mpaka kwenye kivuli cha kibanda cha mboga, nikamlaza ubavu asije akakabwa na matapishi, nikaenda zangu kufungua duka.